Viwili Dhidi ya Kimoja

Jovito Dimaandal alilazwa mchangani kifudifudi, maana mashine iliyofungwa mgongoni mwake haikumruhusu kulala chali. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Ufukwe mzima wa Sabang ulikuwa umesimama, watu na vikombe vyao vya kahawa kali ya barako mkononi, hakuna anayekunywa.

Inspekta Ligaya Macatangay alipiga magoti akamgeuza kichwa. Ulimi ulikuwa umeng'atwa hadi ukachanika. Puani palikuwa na povu lenye damudamu. Shingoni hapakuwa na alama ya kukabwa, wala mwilini jeraha lolote isipokuwa mchubuko wa kamba kwenye kiwiko.

"Nani alimtoa?"

"Mimi, Afande." Aliyejibu alikuwa Dindo Evangelio, nahodha wa ngalawa ya duka la kuzamia, mwanaume wa mabega mapana. "Alishuka peke yake saa kumi na mbili na nusu. Alikwenda kufunga kamba ukutani, mita arobaini na tano, ili wageni waikute tayari."

"Peke yake?"

"Sir Jovit siku zote anashuka peke yake. Ukimwambia neno anakuuliza una vyeti vingapi."

"Halafu?"

"Saa moja na nusu hajapanda. Nikavaa mtungi nikamfuata. Nikamkuta mita thelathini, amenasa kwenye kamba, kipumulio kimemtoka mdomoni."

"Ulifungua chochote kwenye mashine?"

"Nifungue? Mashine ya mtu?" Dindo alimtazama kana kwamba ameambiwa amvue marehemu suruali.

Nyuma yao Sajini Untalan, mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu, alikuwa amesimama hatua tano kutoka mawimbi yalipokomea. "Mimi maji nayajua ya kwenye ndoo," alimnong'oneza Inspekta. "Hata hayo nayachota kwa kata."

Macatangay hakucheka. Alikuwa anaitazama ile mashine. Huko Sabang waliiita mashine ya mzunguko. Haitoi mapovu. Pumzi unayoitoa inapita kwenye chokaa inayonyonya hewa chafu, inaongezwa oksijeni kidogo, unaivuta tena. Mtu hukaa chini saa tatu bila kelele, na samaki wanampita wakidhani ni jiwe. Kila aliyeionja alirudi na macho ya mtu aliyetoka kuposa.

Jumatatu iliyokuwa inakuja, yeye mwenyewe alikuwa aanze kujifunza. Alikuwa mgeni baharini, ana mbizi arobaini na moja tu kwenye daftari lake, na kwa wiki tatu alikuwa hajakata shauri. Mkuu wake wa kituo alitaka askari wa kwenda kina kirefu kutafuta waliozama. Jovit alimwambia, "Kipaji hakipimwi kwa idadi ya mbizi, Inspekta. Wewe una kipaji." Mtu mmoja tu ndiye aliyempinga. Alikuwa Mang Teroy, fundi mzee wa vifaa pale dukani. Alimwonyesha jinsi ya kuipanga mashine mezani, kipande kwa kipande, kisha akamwambia, "Piga mbizi mia moja kwanza, mwanangu. Hii mashine haiendi popote."

Macatangay aliona ni woga wa mzee. Jana yake alijiandikisha.

Sasa mwalimu wake alikuwa na mchanga mdomoni.

---

Duka lilikuwa hatua thelathini kutoka ufukweni. Ukutani, juu ya rafu za mashine, kulikuwa na ubao wenye herufi nyekundu: KILA MTU NA MASHINE YAKE. Mjane, Zenaida, ambaye duka zima lilimwita Ate Zeny kama dada mkubwa, alikuwa amekaa chini ya ubao huo akikunjakunja taulo.

"Nani mwingine aliigusa mashine yake, Ate?"

"Hakuna."

"Una uhakika?"

"Hiyo ndiyo sheria ya kazi hii, Ligaya. Unajipangia chokaa mwenyewe, unafunga kifuniko mwenyewe, unabandika utepe na sahihi yako juu yake. Mwaka juzi Jovit alimfukuza mgeni wa watu kwa sababu aliinua tu mashine ya mwenzake kuisogeza. Alimfukuza na viatu mkononi."

"Alikuwa na adui?"

"Alikuwa na wanafunzi mia mbili. Hesabu mwenyewe." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa taulo.

Uani, kwenye meza ndefu ya mabati, Mang Teroy alikuwa anasuuza mabomba ya mashine za wanafunzi. "Mang" ilikuwa heshima ya mzee; jina lake kamili Eleuterio Magbuhos, miaka sitini na mitatu, mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi siku ya kazi. Macatangay aliliona shati lile, na hakujiuliza.

"Pole, Mang Teroy."

"Pole ni za wenyewe," alijibu mzee bila kuinua kichwa. "Mimi sina msiba."

"Ulimwona asubuhi?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

"Kama siku zote. Aliniambia nimetengeneza kahawa nyepesi."

"Mashine yake uliigusa?"

"Mimi nagusa za wanafunzi. Ya Sir Jovit haigusiki. Soma ubao."

Aliongea polepole, hana hili wala lile, maji yakimtiririka mikononi. Macatangay alijua kwa nini mzee hakuwa na msiba. Miezi kumi na moja nyuma, binti yake, Liwayway, wa miaka ishirini na minne, alifia kwenye mashine ya mzunguko ya aina hiyohiyo akiwa mwanafunzi wa Jovit. Alikuwa na mbizi thelathini na nane. Kesi ile ilishikwa na Macatangay mwenyewe.

Simu yake ililia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Macatangay, imekuwaje?"

"Bado naangalia, Hepe."

"Unaangalia nini? Mtu kashuka peke yake, kapoteza fahamu, kazama. Kosa la mpiga mbizi. Mwaka jana ulimaliza kwa nusu saa."

"Nataka kuifungua mashine."

"Ifungue upesi. Mchana nataka karatasi mezani."

---

Waliifungua kituoni, mlango umefungwa, Untalan akipiga picha kila hatua. Kwenye kifuniko kulikuwa na utepe mweupe wenye sahihi ya Jovit. Ulikuwa umekatwa kwa meno. Ukingoni alama za meno zilionekana. Hakuna aliyeubandua tangu ubandikwe.

"Basi alifunga mwenyewe," alisema Untalan. "Twende tukale."

"Subiri."

Alianza na skrini ya mkononi, ambayo huweka kumbukumbu ya kila dakika. Mashine haina pua. Inategemea vihisio vitatu vya oksijeni, kila kimoja ukubwa wa kizibo cha chupa ya chai. Vikitofautiana, mashine inapiga kura: viwili vikikubaliana, cha tatu kinapuuzwa.

"Mita sita hakusimama," alisema Macatangay, kidole kikifuata mstari. "Kuna kipimo cha dakika mbili pale cha kuvihakiki vihisio. Anakifundisha kila siku. Yeye kapita moja kwa moja."

"Huko chini je?"

"Vihisio viwili vinasoma moja nukta sifuri. Vimeganda hapo. Cha tatu kinapanda. Moja nukta sita. Moja nukta tisa. Mbili nukta tatu."

"Kwa lugha ya watu wa ndoo, Afande."

"Mashine ilidhani oksijeni haitoshi, kwa sababu viwili vilisema haitoshi. Ikamwongezea. Ikazidi kumwongezea. Kile cha tatu kilikuwa kinapiga kelele kwamba imezidi. Oksijeni ikizidi kwenye kina kile ni sumu. Inampiga mtu kifafa."

"Na ving'ora havikulia?"

"Vililia mara mbili. Mara zote mbili akabonyeza kitufe akavizima." Aliweka skrini chini. "Aliamua kuviamini viwili."

Alifungua kifuniko cha ndani. Vihisio vitatu vilikaa kwenye vishimo vyao. Kila kimoja kilikuwa kimezungushiwa utepe mweupe wenye tarehe ya kufungwa, mwezi uliopita, kwa herufi kubwa za mkono. Vyote vipya, kwa maandishi yale.

Macatangay aliinama karibu. Mwisho wa kila utepe, pembe moja ilikuwa imekunjwa ndani, ikafanya kijikonyo kidogo cha kushikia.

Untalan aliweka kamera chini.

"Nini?"

"Utepe wa nje kaukata kwa meno. Huu wa ndani umekatwa kwa mkasi, na pembe imekunjwa."

"Mtu hawezi kubadili mtindo?"

"Jovit? Jovit hata barua aliifungua kwa meno." Aliinua mkono wake mwenyewe, akajiona mezani kwa Mang Teroy wiki mbili zilizopita, mzee akimwelekeza: Kunja pembe, mwanangu. Mkono ukiwa na maji utapata pa kushika. Atakayekuja nyuma yako atakushukuru.

Alishika kijikonyo akavuta. Utepe ulitoka wote kwa mvuto mmoja, kama mzee alivyoahidi. Chini yake, kwenye plastiki, palikuwa na tarehe halisi ya kiwandani. Kihisio kilikuwa na miaka mitatu. Muda wake ulikwisha zamani. Cha pili vilevile. Cha tatu ndicho kilikuwa kipya kweli.

Chini ya tarehe kulikuwa na nambari. Moja iliishia na 417. Nyingine 422.

Nambari hizo zilimgonga kichwani kabla hajajua kwa nini. Kisha alijua. Alikwenda kabatini, akavuta jalada la Liwayway Magbuhos, akafungua ukurasa wa pili. Maelezo ya baba wa marehemu, aliyekuwa ndani ya ngalawa siku ile:

"Vihisio viwili vinavyoishia 417 na 422 vilikuwa vimepitwa na muda. Nilimwambia Sir Jovit mara mbili. Alisema vitamaliza wiki."

Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino wa bluu: "Havikuonekana kwenye mashine. Ushahidi wa wawili unampinga mmoja. Kosa la mpiga mbizi. L.M."

Untalan alisoma juu ya bega lake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini sasa alikohoa tu. Mwishowe akasema, taratibu:

"Unajua, Afande, mimi bila miwani sioni vizuri. Utepe ukirudi ulipokuwa, mimi sitakuwa nimeona nambari yoyote. Hepe anataka kosa la mpiga mbizi. Na hili jalada likifunguliwa, la kwanza kuanguka ni jina lako."

Alikuwa anampenda, ndiyo maana alisema. Macatangay alilijua hilo, na kwa pumzi moja, si zaidi, alilipima. Miaka kumi na miwili ya kazi. Kupandishwa cheo mwakani. Mzee mwenye shati jeupe angebaki uani anasuuza mabomba, na msichana angebaki kaburini na kosa ambalo si lake.

"Vaa miwani, Sajini," alisema. "Niletee Dindo."

---

Dindo aliketi akashika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Mwaka jana ulisema Liwayway hakufanya ukaguzi wake kabla ya kushuka."

"Ndiyo, Afande."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma. Kwenye injini."

"Na yeye?"

"Mbele."

"Katikati kuna turubai. Uliona kupitia turubai?"

Dindo alitazama mlango.

"Dindo. Vihisio viwili alivyofia Liwayway vimepatikana leo kwenye mashine ya Jovit. Mtu anawazungukia mmoja mmoja waliokuwa kwenye ngalawa ile. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Mlango uko wazi, nenda kashike usukani wako."

Jasho lilimtoka Dindo kwenye nyusi. Macatangay hakuwa na hakika kwamba kuna anayemzungukia, na wala hakujutia kumtisha.

"Ni kumpare wangu," alisema Dindo kwa sauti ya chini. "Jovit ndiye aliyemsimamia mwanangu ubatizo. Ningemkataaje?"

"Alikuomba nini?"

"Binti alipanda amekufa. Mzee alikuwa amemkumbatia, haoni wala hasikii. Jovit akaifungua mashine ya binti palepale, akatoa vihisio viwili, akaweka vingine. Vile vya zamani akavitia kwenye kopo la biskuti. Akaniambia, kumpare, mtoto huyu alikosea mwenyewe, sisi tunaweka tu mambo sawa."

"Na chini kulitokea nini?"

"Jovit mwenyewe aliniambia, siku amelewa. Binti alimwonyesha skrini. Kimoja kilikuwa kinapanda. Alitaka kupanda juu. Jovit akamfanyia ishara, vidole viwili. Fuata viwili. Endelea." Alijifuta uso. "Binti akaendelea, kwa sababu Jovit ndiye mwalimu."

"Na wewe ukaja hapa ukaniambia mimi uongo."

"Wewe uliniuliza maswali matatu tu, Afande," alisema Dindo. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa.

---

Mang Teroy alikuwa bado uani. Mbele yake, juu ya meza ya mabati, kulikuwa na sahani ya wali wa kitunguu saumu na samaki mkavu, amekula nusu. Jua la saa sita lilikuwa juu ya ukuta. Alipowaona Inspekta na Sajini wakiingia, alinawa mikono akaikausha vizuri, kidole kwa kidole.

Macatangay aliweka mfuko wa ushahidi mezani. Ndani yake kulikuwa na vihisio viwili na tepe zake.

"Umezisoma nambari," alisema mzee.

"Nimezisoma."

"Ilichukua saa ngapi?"

"Nne."

"Mara ya kwanza ilichukua miezi kumi na moja, na hukuzisoma." Alivuta kiti chake akaketi. "Kaa, mwanangu. Na wewe, Sajini, kaa kivulini, unatoka jasho kama umeiba."

Untalan alikaa. Macatangay alibaki amesimama.

"Uliigusaje mashine yake? Kila mtu hapa ameapa haigusiki."

"Nimeipanga kwa miaka sita." Mzee alicheka bila sauti. "Yule aliyeandika ule ubao. Yule aliyewafukuza watu na viatu mkononi. Mgongo ulimuuma, chokaa ilimchafua, basi akasema, mzee nipangie, usimwambie mtu. Mimi napanga, yeye anabandika utepe wa juu na sahihi yake. Kila asubuhi alivaa kazi yangu akaenda kuwafundisha watu wasimwamini mtu."

"Na vihisio ulivipata wapi?"

"Kwenye takataka za duka. Kopo la biskuti. Nilivitambua, maana nilivifunga mimi vikiwa vipya." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nilikuletea."

"Hukuniletea."

"Wiki ya tatu baada ya mazishi. Nilivitia kwenye chupa ya kahawa, na mchele ndani visipate unyevu. Ulikuwa unatoka mkutanoni. Ulinisemesha kwenye dirisha la gari, hukufungua hata mlango. Ukasema, kesi imefungwa, mzee, nenda kampumzishe mtoto."

Macatangay aliikumbuka ile chupa. Aliukumbuka mkono mwembamba umeiinua juu ya ukingo wa dirisha, na aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nilidhani umeniletea kahawa," alisema.

"Najua ulidhani nini. Ulisema asante, wape askari wa zamu."

Untalan alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nikarudi navyo," aliendelea Mang Teroy. "Nikaviweka juu ya kabati, karibu na picha ya Liway. Kila siku namtengenezea Jovit kahawa. Kila siku ananiambia ni nyepesi. Watu walisema Mang Teroy amesamehe, Mang Teroy ana moyo mkubwa. Mimi sikusamehe hata kwa dakika moja. Nilikuwa nangoja. Aliposema mwezi uliopita vihisio vyake vimechoka, mzee nifungie vipya, nilijua kungoja kwangu kumekwisha."

"Ulifunga kimoja kipya na viwili vile."

"Ndiyo. Vilikaa mwezi mzima, kwenye mbizi za kina kifupi havikumdhuru. Juu ya maji vinasoma vizuri kabisa. Uongo wao unaanzia chini, oksijeni ikiwa nyingi. Nilijua kuna siku atakwenda ukutani. Nikatulia."

"Kwa nini uliacha kimoja kizima? Ungeweka vitatu vibovu, asingeona kitu."

Mzee aliinamisha kichwa upande, kama mwalimu aliyeulizwa swali alilolingojea.

"Kwa sababu Liway alikuwa nacho kimoja kizima. Nilimpa Jovit kila alichompa mwanangu. Vibovu vilevile viwili, kwa nambari zake. Na kimoja cha kumwambia ukweli. Angekisikiliza hicho kimoja, angepanda, angekuwa hapa sasa anatukana kahawa yangu. Angesimama mita sita dakika mbili, angegundua. Sikumfunga mikono. Alizima king'ora?"

"Mara mbili."

"Mara mbili." Mang Teroy alifumba macho, na uso wake ukalainika kwa namna iliyomtisha Macatangay kuliko hasira. "Asante kwa kuniambia. Hilo sikulijua."

"Umeua mtu, Mang Teroy."

"Nimeua. Na nikila nashiba, na leo nimevaa shati la kanisani. Usitafute majuto hapa, mwanangu, utachoka bure."

"Ulijua nambari zingekufichua. Ungezikwangua."

"Nizikwangue?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hizo nambari ndizo nilizokuwa nazo. Sikiliza. Kama ungefanya kama mwaka jana, ungeandika kosa la mpiga mbizi, ukaenda kula. Jovit angezikwa na jina lilelile alilompa binti yangu, na mimi ningekuwa huru. Ungezisoma, mimi ningefungwa, lakini ungelazimika kulifungua jalada la Liway uandike ukweli. Nilikaa nikapiga hesabu hiyo kila upande. Hakukuwa na upande ninaoshindwa."

Macatangay alitazama tepe mbili ndani ya mfuko, na zile pembe.

"Nambari ulizitaka zisomwe," alisema. "Pembe je? Hizo ndizo zilizonifikisha kwenye nambari. Sidhani ulizipanga."

Mzee aliuchukua mfuko, akauinua kwenye mwanga. Alitazama muda mrefu.

"Sikujua nimezikunja," alisema. "Miaka arobaini, mkono unajifanyia wenyewe." Akaurudisha mezani kwa uangalifu. "Kumbe hata wewe uliyekuja nyuma yangu nilikurahisishia."

Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na mashine moja iliyokwisha kupangwa, yenye utepe ulioandikwa MACATANGAY, JUMATATU. Inspekta aliikazia macho. Mzee aligeuka akafuata macho yake.

"Yako ina vitatu vipya," alisema. "Lakini usiniamini. Fungua."

"Kwa nini ulinionya, Mang Teroy? Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi. Ungeniacha."

"Nilitaka kukuacha. Usiku nilikuwa nasema, mwache, aende. Halafu ukaja hapa mezani na daftari lako, una mbizi thelathini na nane siku ile, unauliza maswali yaleyale ya Liway, unashika bomba vibaya vilevile." Alitikisa kichwa. "Kisasi changu kilikuwa na jina juu yake. Halikuwa lako."

Macatangay aliishusha mashine. Alishika pembe iliyokunjwa ya utepe wa kifuniko, akavuta, akafungua kifuniko, akatoa vihisio kimoja kimoja na kusoma tarehe za kiwandani kwa sauti. Vyote vitatu vilikuwa vya mwaka huu. Alivirudisha, kisha akaubandua utepe wenye jina lake kutoka kwenye mashine akaukunja kiganjani.

"Una ngapi sasa?" aliuliza mzee.

"Arobaini na moja."

"Basi bado hamsini na tisa."

"Bado hamsini na tisa," alikubali.

Simu ililia. Mkuu wa kituo alitaka karatasi yake.

"Zinakuja mbili, Hepe," alisema Macatangay. "Moja ya mauaji. Nyingine ya kwangu." Akakata kabla hajaulizwa.

Alimwomba Untalan karatasi, akaketi mezani kwenye mabati ya moto, mbele ya wali uliopoa, akaandika. Mang Teroy alingoja, mikono juu ya magoti. Alipomaliza, mzee alisema, "Soma."

"Uchunguzi wa kifo cha binti Magbuhos umefunguliwa upya."

"Jina lake lote."

Macatangay alikata mstari akaandika tena. "Uchunguzi wa kifo cha Liwayway Rosal Magbuhos umefunguliwa upya. Marehemu alikagua mashine yake. Aliona hatari, akamwonyesha mwalimu, akaamriwa aendelee. Mashahidi wawili walisema uongo na shahidi mmoja alisema kweli. Mpelelezi hakumsikiliza huyo mmoja. Kosa halikuwa la mpiga mbizi."

Untalan alivua miwani akaipangusa kwa shati.

"Sahihi," alisema mzee.

Macatangay alitia sahihi, akaandika jina lake kamili na cheo chake chini yake, akamgeuzia karatasi. Mang Teroy hakuishika. Aliitazama tu, kwa muda ambao mtu anaweza kusoma mistari ile mara tatu.

"Miezi kumi na moja," alisema, "kwa kitu cha dakika tano."

Kisha akanyoosha mikono yake mikavu mbele, viganja juu, akangoja pingu.